Kabambare na Nyangwe: namna barua zilipeleka habari ya Maniema inje

Leo habari ya Kindu inafika Kinshasa ao Bruxelles kwa dakika moja, kama kuko mtandao. Zaidi ya miaka 150 iliyopita, mtu aliyekaa Maniema na kutaka kumpasha rafiki yake wa Ulaya habari alilazimika kutafuta kwanza karatasi, halafu wino, halafu mtu wa kubeba.

David Livingstone, mumisionere kutoka Scotland, aliyajua hayo vizuri. Alikuja huku akitafuta chanzo cha mto Nile, akifikiri Lualaba yetu ndiyo Nile. Toka mwezi wa 7 mwaka 1870 alikwama Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, akiwa na vidonda vya miguu. Hapo, tarehe 5 Februari 1871, aliandikia rafiki yake Horace Waller barua ya kumueleza hali yake na mambo aliyoyaona.

Posta haikukuwa. Barua ilienda na msafara wa wafanyabiashara: Ujiji, Tabora, mpaka Unguja, kisha meli. Nyingi zilipotea njiani. Livingstone mwenyewe alilalamika kwamba wafanyabiashara hawakupenda kubeba barua zake, juu waliogopa habari ya watumwa itajulikana.

Mwezi wa 3 mwaka 1871 akafika Nyangwe, kando ya Lualaba, upande wa Kasongo. Karatasi ilikuwa imemwishia. Akaanza kuandika juu ya gazeti la zamani lililochapishwa London, akipitisha mistari yake juu ya maandishi ya gazeti. Wino aliutengeneza kwa mbegu za mmea wa huku.

Ile tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya soko. Watu karibu 1.500 walikuwa pale, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. Watu wa mfanyabiashara Dugumbe wakapiga bunduki katikati ya soko. Wengine walikufa kwa risasi, wengine walizama mtoni wakikimbilia mitumbwi. Waarabu wenyewe walihesabu kati ya 330 na 400 waliokufa.

Livingstone akarudi Ujiji, na huko, mwezi wa 11, Stanley akamkuta. Akaandika habari ya Nyangwe kwa barua, na Stanley akaibeba. Ilifika London mwezi wa 8 mwaka 1872, zaidi ya mwaka moja kiisha mauaji. Watu wa Uingereza walikasirika, wakasukuma serikali yao. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Barua si sababu ya pekee, lakini ilisaidia.

Ule wino ulififia mpaka maandishi hayakusomeka tena. Karibu mwaka 2010, watafiti walitumia picha za mwangaza wa namna mbalimbali, wakayasoma upya. Waliona kwamba yale aliyoandika palepale hayalingani yote na kitabu kilichochapishwa mwaka 1874. Ndiyo faida ya kutunza karatasi ya kwanza: inaonyesha neno lilivyokuwa mbele ya kunyooshwa.

Si wazungu peke yao waliandika. Katika hifadhi za Ubelgiji kuko barua za wakati ule kutoka Kongo, za Kiarabu na za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Lakini hizo nazo, kwa sehemu kubwa, ni za wakubwa na wenye biashara. Wale mama wa soko la Nyangwe hawakuacha barua. Yale tunayojua juu yao, mgeni ndiye aliyeyasema.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama nyumbani kuko barua ya babu ndani ya sanduku, usiitupe na usiwashe nayo moto. Iweke mahali pakavu. Andika pembeni, juu ya karatasi ingine, ni nani aliyeiandika, wapi na mwaka gani. Na wazee ambao hawakuandika, waulize wangali hai, uandike wewe. Kama sivyo, kesho historia ya Maniema itasemwa tena na wengine.