KABATI YA JIKONI: TUCHAGUE UBAO GANI?



Wote tumesikia habari kwamba kamati ya wazazi imekubali kutoa pesa ili jiko la internati yetu lipate makabati mapya. Ni habari nzuri kabisa. Wapishi wetu wamechoka kupanga sahani juu ya meza na kuficha chumvi ndani ya ndoo. Lakini kabla pesa haijatoka, naomba nafasi kidogo katika gazeti letu ili nieleze jambo lililotupata nyumbani. Pengine litatusaidia wote.

Mama yangu anauzisha mandazi. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa akitia pesa kidogo kidogo katika likelemba na wamama wenzake. Zamu yake ilipofika, akanunua kabati ya jikoni: nyeupe, yenye kung'aa, na mikono ya chuma. Majirani walikuja kuitazama. Hiyo ilikuwa mwezi wa 8, wakati wa kiangazi. Mwezi wa 9 mvua ikaanza. Mwezi wa 12 mlango mmoja haukufunga tena. Mwezi wa 2 ubao wa chini, ule ulio karibu na ndoo ya maji, ulikuwa umevimba kama mkate ndani ya chai. Niliupima kwa rula: ubao wa milimita 18 ulikuwa umefika 23. Visi zikatoka zenyewe, etajeri ikaanguka pamoja na sahani, na unga wa mama ukapata ukungu. Muuzaji alipoulizwa akajibu: "Mama, ni weye ulimwanga maji." Mama hakumwaga maji. Alipika tu, sawa vile kila mama anapika.

Kwa huzuni ile nilikwenda likizo kwa baba mdogo, ambaye ni seremala tangu ujana wake. Nikamwuliza: "Baba mudogo, ile kabati ilikuwa na ugonjwa gani?" Akacheka, akanipa msumeno na kuniambia: "Tumika kwanza na mimi, utajua." Haya ndiyo niliyojifunza.

1. MTI UNAKUNYWA MAJI YA HEWA

Mti uliokatwa umekufa, lakini haujaacha kunywa. Ndani yake kuna mirija midogo sana, na kuta za mirija hiyo zinapenda maji. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, mti unakunywa na kuvimba. Hewa ikikauka, mti unatoa maji na kusinyaa. Ndiyo maana mlango wa dormitwari unakwama wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi unafunguka wenyewe.

Jambo hili linapimwa. Chukua kipande cha ubao, ukipime kwa mizani: tuseme gramu 600. Ukikaushe ndani ya tanuru kwenye joto la digrii 103 mpaka uzito usipungue tena: tuseme gramu 500. Maji yalikuwa gramu 100. Gawa 100 kwa 500, utapata asilimia 20. Mahali ambapo hewa ina unyevu wa asilimia 65, mti unatulia karibu na asilimia 12 ya maji. Hewa ikifika asilimia 80, mti unapanda hadi karibu 16. Hewa ikifika asilimia 90, mti unafika karibu 20. Kuanzia hapo ni hatari, kwa sababu ukungu na uyoga unaokula mti unaanza kupata nafasi.

Sasa fikiri juu ya jiko letu. Huku Kivu mvua inaanza mwezi wa 9 na inaendelea hadi mwezi wa 5. Kule Kisangani, karibu na ikweta, hakuna mwezi unaopita bila mvua. Juu ya unyevu huo ongeza sufuria ya maharagi inayochemka saa tatu nzima, na maji ya kuoshea sahani za wanafunzi wote. Kabati ya jikoni inaishi ndani ya mvuke mchana na usiku.

2. AINA ZA UBAO TUNAZOKUTA SOKONI

Aglomere. Huu ni ubao uliofanywa kwa vipande vidogo vidogo vya mti, vikachanganywa na kole na kukandamizwa kwa nguvu na joto. Ule wa kawaida una kole ya urea na formaldehidi, ambayo haipendi maji. Zaidi ya hayo, vile vipande vilikandamizwa kwa nguvu: maji yakiingia, vinajaribu kurudia unene wao wa zamani. Ndiyo maana ubao unavimba, na ukikauka haurudi tena kama ulivyokuwa. Uso wake mweupe wa melamini unazuia maji vizuri, lakini maji hayapiti usoni. Yanapita kwenye ukingo uliokatwa na kwenye matundu ya visi. Hapo ndipo kabati ya mama ilipokufa.

MDF. Huu unafanywa kwa nyuzi laini sana za mti. Ni laini usoni, unapokea rangi vizuri, hauna nyufa. Lakini ule wa kawaida pia unakunywa maji kwenye ukingo, ni mzito, na visi haikai vizuri ikipigwa upande wa ukingo. Kuna aglomere na MDF zinazotengenezwa kwa kustahimili unyevu, na mara nyingi zinatiwa rangi ya kijani ndani. Ni bora kuliko za kawaida, lakini tusidanganyike: kinachosaidia ni kole, si rangi. Tena, kustahimili unyevu wa hewa si kustahimili kukaa ndani ya maji.

Unaliti. Ni ubao mwembamba na mgumu wa nyuzi, upande mmoja laini, upande mwingine una alama kama wavu. Namna ya kuufanya ilivumbuliwa na William Mason huko Marekani mwaka 1924. Unafaa kwa mgongo wa kabati mahali pakavu. Jikoni unajikunja haraka.

Triplexi na multiplexi, yaani kontraplake. Hizi ni karatasi nyembamba za mti zilizobandikwa moja juu ya nyingine. Karatasi moja nyuzi zake zinalala, ya pili zinasimama, ya tatu zinalala tena. Kwa desturi hesabu yake haigawanyiki kwa mbili: 3, 5, 7 na kuendelea, ili pande mbili zivutane sawasawa. Kwa kuwa mti unavimba kwa upana na karibu hauvimbi kwa urefu, kila karatasi inamzuia jirani yake. Ndiyo maana kontraplake inatulia kuliko ubao mzima. Lakini hapa pia kole ndiyo inayosema neno la mwisho. Ile ya fenoli, ambayo mara nyingi unaona mistari yake myeusi-myekundu kwenye ukingo, inastahimili hata maji ya kuchemka. Ile ya urea inaachia. Tena tuangalie mti wenyewe: limba, ule mti mweupe wa Mayombe, unatoa kontraplake nzuri, lakini wadudu na uyoga wanaupenda. Kole inaweza kushika na mti ukaliwa.

Ubao mzima. Huku kwetu mafundi wanasifu mvule na libuyu. Moyo wa mvule unajulikana kwa kushindana na muchwa na kuoza. Libuyu ni mwekundu, mzuri, na unatumika vizuri chini ya randa. Lakini angalia: sehemu nyeupe ya nje, karibu na ganda, haina nguvu hiyo hata kidogo. Wadudu wa unga wanaipenda. Ubao wenye upande mweupe usiuweke jikoni. Eukalipti ni ya bei ndogo lakini inapasuka na kujikunja sana ikikauka.

Baba mdogo anarudilia kila siku: "Mbao mubaya yenye kukauka iko afazali kuliko mbao muzuri yenye kuwa mubichi." Mbao zipangwe chini ya paa, mbali na udongo, na vijiti katikati ili hewa ipite. Kila juma pima kipande kimoja kwa mizani. Uzito ukiacha kushuka, mbao zako zimezoea hewa ya mahali penu.

3. JARIBU KABLA YA KULIPA

Usisikilize mdomo wa muuzaji tu. Omba kipande kidogo, hata cha ukubwa wa sabuni. Kipime unene, kitie ndani ya maji usiku mzima, kipime tena asubuhi. Kama ni kontraplake, kichemshe ndani ya sufuria kwa saa kadhaa, kisha ujaribu kupasua karatasi zake kwa kisu. Zikiachana kama kurasa za kitabu, ubao huo si wa jikoni. Muuzaji akikataa kutoa kipande, hilo nalo ni jibu.

4. UBAO MZURI HAUTOSHI

Hata mvule utaoza ukikaa ndani ya maji. Basi fundi azingatie haya:

- Kabati isikae juu ya sakafu. Iwekwe juu ya msingi wa matofali na simenti, au miguu ya sentimita 10, maana sakafu inaoshwa kila siku.
- Iachwe nafasi ya vidole viwili kati ya mgongo na ukuta, ili hewa ipite.
- Kila ukingo uliokatwa, na kila tundu, vipakwe rangi au verni mara mbili au tatu. Ukingo unakunywa kuliko uso.
- Ukipaka upande mmoja, paka na wa pili. Ukibandika formika juu, bandika kitu chini pia. Bila hivyo ubao utajikunja.
- Karibu na beseni la kuoshea vyombo, tusiweke ubao kabisa. Etajeri ya simenti inafanya kazi vizuri, na milango peke yake iwe ya mti.

5. NENO JUU YA AFYA

Ile formaldehidi ya kole ni ndugu ya formoli tunayoiona ndani ya chupa za nyoka katika laboratwari. Inatoka polepole katika aglomere, na joto pamoja na unyevu vinaongeza kutoka kwake. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa, lililo Lyon, Ufaransa, liliihesabu kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu. Vumbi la mbao nalo lilikuwa limehesabiwa hivyo tangu mwaka 1995. Kwa hiyo tukate mbao nje, tufunge kitambaa puani, na madirisha ya jiko yakae wazi. Vumbi la mvule hasa linawasha pua na macho, mimi ni shahidi.

6. TUFANYE NINI?

Najua swali la wazazi: bei. Ni kweli, aglomere nyeupe ni bei ndogo. Lakini mama yangu alilipa bei ndogo, na leo sahani zake zimerudi juu ya meza. Kitu kinachonunuliwa mara mbili ni bei kubwa. Kwa maoni yangu, kama pesa haitoshi makabati sita, tufanye matatu: msingi wa matofali, mwili wa kontraplake yenye kole ya fenoli au libuyu iliyokauka, milango iliyopakwa pande zote. Yale mengine matatu yatangoje mwaka unaokuja. Wapishi wetu wamengoja miaka mingi. Sidhani watakataa kungoja kidogo kwa kitu kitakachowafikisha mbali.

Kwa wale wasioamini, nimeweka ndoo moja ya maji karibu na mlango wa jiko. Ndani yake kuna vipande vinne: aglomere, MDF, kontraplake na libuyu. Juu ya kila kimoja nimeandika unene wake wa siku ya kwanza. Rula imefungwa kwa kamba. Kila mtu apite, apime, aandike katika daftari iliyo pale. Wazazi wa kamati wakija, tutawaonyesha daftari, na ndoo itasema yenyewe.



Mwanafunzi wa kalasi ya mwisho