Mwanagenzi Naye Ana Tumbo

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Aprili, mlango wa afisi yangu huwa hauna raha. Wanafunzi huja makundi kwa makundi, kila mmoja na barua yake ya kuombea nafasi ya mafunzo kazini, nami huzitia sahihi hadi kidole kikafa ganzi. Nakiri mbele ya wasomaji, hasa walimu wenzangu, kwamba kwa miaka mingi nilitia sahihi bila kujiuliza swali moja jepesi: kijana huyu atakula nini katika wiki hizo 12?

Lugha yetu haikuzoea usahaulifu huo. Tunalo neno uanagenzi, nalo ni la kale kuliko vyuo vyetu vikuu. Kijana aliyepelekwa kwa fundi seremala au sonara huko pwani aghalabu alihesabiwa mtoto wa nyumba ile. Alitumwa, alikemewa, lakini alikula kilicholiwa. Hata kibarua, neno ambalo siku hizi tunalitamka kwa dharau, asili yake ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili akakibadilishe kwa ujira wake. Kumbe hata mnyonge wa wanyonge aliitwa kwa jina la karatasi iliyomhakikishia malipo! Msomi wetu wa leo hupewa karatasi pia, ila yake humhakikishia alama tu.

Mwaka 2019 nilikuwa na mwanafunzi wa Isimu, binti kiziwi, hodari wa sarufi kuwashinda wengi wanaosikia. Kampuni moja kubwa ilimkubali kwa barua, kisha ikamrudisha asubuhi ya siku ya kwanza kwa kisingizio kwamba haikuwa na mkalimani. Aliyempokea hatimaye ni mwenye kiwanda kidogo cha chapa mjini Thika, mtu wa wafanyakazi watatu, ambaye hushughulikia kadi za harusi, vitabu vya risiti na mitihani ya shule za msingi. Huyo hakuuliza habari za mkalimani. Alimkabidhi kalamu nyekundu na rundo la prufu.

Wiki ya tano binti akaacha kwenda. Idara ikaandika barua ya onyo, nami, bila kusita, nikaitia sahihi. Jibu lake lilikuwa la mistari miwili: "Daktari, nauli ya kwenda na kurudi ni Sh160. Mama anauza sukuma wiki, na kuna siku hapati hizo." Niliisoma barua hiyo nikiwa nimeketi kwenye kiti kinacholipiwa na serikali.

Nilifunga safari hadi Thika, nikitarajia kukutana na mnyonyaji. Sivyo nilivyokuta. "Mwalimu," aliniambia yule bwana, "tangu aondoke huyu binti, nimerudishiwa kazi mbili kwa makosa ya tahajia. Namtaka. Lakini mimi mwenyewe kuna mwezi silali kwa sababu ya kodi ya nyumba hii. Nimlipe nini?" Tulijadiliana tukaafikiana Sh300 kwa siku na chakula cha mchana. Binti akarudi, akamaliza. Nilipowatembelea mara ya mwisho niliwakuta wale mafundi watatu wamekwisha kujifunza ishara za wino, karatasi, kesho na, kwa kicheko kikubwa, ishara ya mteja msumbufu. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulipozuka, harusi zilisimama na shule zikafungwa, na kiwanda kile kikafungwa pia.

Nimekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu mjadala wetu huelekezwa kusikofaa. Tunawalaumu waajiri wadogo kwa kutolipa, ilhali wao ndio wenye kazi. Takwimu za serikali zenyewe zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini, ukiacha kilimo kidogo kidogo, imo katika sekta ya jua kali. Sheria ya Biashara Ndogo ya mwaka 2012 inaitambua biashara ndogo kabisa kuwa ile yenye wafanyakazi wasiofika 10 na mauzo yasiyozidi Sh500,000 kwa mwaka. Hebu mwalimu wa hesabu atufanyie hesabu hiyo: itoe kodi, itoe mali ghafi, itoe umeme, kisha atuonyeshe posho ya mwanagenzi itatoka wapi.

Wala si jambo lisilojaribiwa. Mradi wa kuwawezesha vijana ulioanzishwa mwaka 2010 kwa fedha za Benki ya Dunia, katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, uliwapeleka vijana kwa waajiri, wakiwemo wa jua kali, na ukawalipa Sh6,000 kwa mwezi wao wenyewe. Taabu ya miradi ni kwamba huja na tarehe ya kufa. Tunayo, hata hivyo, tozo ya mafunzo ya viwandani, Sh50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ambayo waajiri hutozwa kwa mujibu wa sheria. Sioni kwa nini fungu la fedha hizo lisitengwe kwa ajili ya posho ya wanagenzi walio katika biashara zisizoweza kuilipa, na fungu jingine likagharimia mkalimani, au mteremko wa kiti cha magurudumu mlangoni. Katiba ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge. Karakana si Bunge, najua. Lakini wanaoingia karakana ni wengi zaidi.

Mwaka huu, juu ya meza yangu, zimo barua 31. Chini ya kila moja nimeongeza mstari kwa mkono wangu: "Mwanagenzi huyu atalipwa kiasi gani, na nani?" Mpaka leo zimerudi nne. Mbili zimeachwa wazi mahali pale. Ya tatu imeandikwa "chai". Ya nne, iliyotoka kwa fundi cherehani, imeandikwa Sh200 kwa siku, na pembeni ameuliza kama chuo kinaweza kumsaidia nusu.