Msitu katikati ya Lilongwe: matembezi mepesi kando ya mto Lingadzi

Anayetoka Mji Mkongwe wa Lilongwe kuelekea mji mpya kwa barabara ya Kenyatta hukuta jambo ambalo ni nadra katika miji mikuu ya ukanda wetu: maduka hukoma na msitu huanza. Hiyo ni Hifadhi ya Mazingira ya Lilongwe, iliyo kandokando ya mto Lingadzi. Kwa wakazi wa kambi ya Dzaleka, iliyo takriban kilomita 45 kutoka mjini, matembezi ya hapa ni mepesi kwa miguu, lakini huanza kwa karatasi.

Mji na gereza

Lilongwe ilikuwa makao madogo ya utawala wa kikoloni, iliyopewa jina la mto mwingine unaopita hapo. Mwaka 1975, Rais Kamuzu Banda aliufanya kuwa mji mkuu badala ya Zomba. Mji mpya haukubanwa na ule wa kale. Kati yao iliachwa nafasi pana ya miti na mto, na humo ndimo ilimo hifadhi.

Utawala huohuo uliifanya Dzaleka, wilayani Dowa, kuwa gereza la wapinzani wa kisiasa. Jina lake lina kitenzi cha Kichewa kuleka, yaani kuacha. Mwaka 1994 Banda alishindwa katika uchaguzi wa vyama vingi, na mwaka huohuo Dzaleka ikawa kambi ya wakimbizi. Hivyo basi, msitu wa mjini na kambi ya Dowa vyote viwili ni urithi wa zama moja.

Njia ilivyo

Ardhi ya hifadhi haina milima ya kuchosha, na njia zake ni za udongo chini ya miti ya miombo. Wazee na watoto wanaweza kuzimudu kwa mwendo wa taratibu. Mwenye kiti cha magurudumu aulize kwanza langoni ni njia ipi inayopitika.

Ndani ya msitu kuna Kituo cha Wanyamapori cha Lilongwe, kinachotunza wanyama waliojeruhiwa au waliookolewa kutoka kwa wawindaji haramu na wafanyabiashara. Wageni hutembezwa na waongozaji. Tumbili na nyani huonekana kwa urahisi, na mwenye macho makali huweza kumwona pongo vichakani.

Msimu unaofaa zaidi ni kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba. Juni na Julai kuna baridi ya asubuhi. Mvua zikianza, kwa kawaida mwezi Novemba, njia huwa na matope.

Tahadhari ni mbili. Mtoni kuna mamba, kwa hiyo mtoto asiachwe kusogelea maji. Tena, fisi wa Lilongwe hutoka usiku, hivyo matembezi yafanywe mchana. Ni vyema pia kuuliza mapema saa za kufunguliwa na kiingilio.

Hati mfukoni

Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo mwaka 1987, lakini iliweka masharti yake, likiwemo linalohusu uhuru wa kusafiri. Sheria yake ya wakimbizi ni ya mwaka 1989, na sera ya serikali inawataka wakimbizi waishi kambini. Machi 2023, serikali iliwaagiza waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warejee Dzaleka, na mwezi Mei ukamataji ukaanza. Kambi hiyo, iliyokusudiwa watu wapatao elfu kumi hadi kumi na mbili, leo ina zaidi ya 50,000.

Kwa sababu hiyo, mkazi wa Dzaleka anayetaka kwenda Lilongwe, hata kwa siku moja, aombe kwanza ruhusa kwa uongozi wa kambi. Hati hiyo aibebe pamoja na kitambulisho chake, na azingatie tarehe iliyoandikwa. Wanaosafiri kwa kundi wahakikishe kila mtu mzima ana ruhusa yake.

Mtalii hufika langoni akiwa na kiingilio tu. Mkimbizi hufika akiwa na kiingilio, kitambulisho na ruhusa, na jioni humkuta akitafuta minibasi ya kurudi Dowa. Hata hivyo, kwa mtoto aliyezaliwa kambini, saa mbili chini ya miti ya Lingadzi huenda zikawa mara yake ya kwanza kuuona msitu.