Kazi ya msimu mbugani: Ijue siku ya mwisho kabla ya siku ya kwanza

Huenda nyumbani kwako, msomaji, mna kijana aliyefanya mtihani wa KCSE Novemba iliyopita. Desemba alilala hadi saa nne asubuhi na hakuna aliyemkemea, kwa maana alikuwa amechoka na masomo. Januari alianza kugombana na wadogo wake juu ya televisheni. Nafasi ya chuo haingojwi kwa wiki, hungojwa kwa miezi. Kisha siku moja rafiki anampigia simu: kuna loji huko Tsavo inataka vijana wa msimu. Chakula kipo, pa kulala papo, na wageni wanatoa bakshishi. Jioni hiyo hiyo kijana anafunga begi.

Je, mzazi, umruhusu? Na wewe mwanafunzi, uende?

Jibu langu ni ndiyo. Lakini kabla hajapanda gari moshi, ketini mezani na mjibu swali moja: kazi hiyo inaisha lini? Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilikwenda bila kuuliza, na nitakusimulia yaliyonipata.

Msimu ni nini?

Twende kwanza Voi. Mji huu uko kilomita zipatazo 160 kutoka Mombasa, chini ya mlima Sagalla, na milima mingine ya Taita inaonekana upande wa magharibi. Reli ya zamani na ile mpya ya SGR, iliyofunguliwa mwaka wa 2017, zote hupita hapa. Lango la Tsavo Mashariki liko karibu kabisa na mji.

Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka wa 1948, na mwaka uliofuata ikagawanywa mara mbili ili iwe rahisi kuisimamia. Tsavo Mashariki ni nyika kubwa ya udongo mwekundu, ambao ndovu hujimwagia hadi nao wakawa wekundu. Tsavo Magharibi ni nchi ya milima, mawe ya volkano na chemchemi za Mzima, ambazo maji yake hufika hadi mifereji ya Mombasa. Ukiziunganisha mbuga hizi mbili utapata eneo la kilomita mraba 22,000 na zaidi. Nairobi zipatazo 30 zingeenea humo. Katika kaunti ya Taita Taveta, asilimia 62 hivi ya ardhi imo ndani ya mbuga.

Loji zilizomo zina historia ndefu. Kilaguni, iliyofunguliwa mwaka wa 1962, ilikuwa ya kwanza kujengwa ndani ya mbuga ya taifa nchini Kenya. Kuna Voi Safari Lodge juu ya kilima, ambapo mgeni anywapo chai huwatazama ndovu wakinywa maji chini yake. Kuna Ngulia huko milimani Tsavo Magharibi. Na katika hifadhi ya Taita Hills kuna Salt Lick, ambayo vyumba vyake vimeinuliwa juu ya nguzo.

Sasa sikiliza jambo hili, kwa maana ndilo msingi wa mambo yote. Wageni wengi wa Tsavo hutoka ufuoni. Mtalii anafika Mombasa kwa ndege, anaota jua Diani au Malindi, kisha anachukua siku mbili au tatu kwenda kuona wanyama. Ufuo ukijaa, Tsavo inajaa. Ufuo ukikauka, Tsavo inakauka. Kuanzia Julai hadi Oktoba, watoto wa Ulaya wakiwa likizoni, loji huhitaji mikono mingi. Desemba hadi mapema mwaka mpya huhitaji mikono tena. Mvua za masika zinapoanza, barabara za mbugani hugeuka matope, vyumba vingine hufungwa na kupakwa rangi, na mikono ya ziada hurudishwa makwao. Huo ndio msimu.

Kazi yenyewe

Usidhani utakwenda kutazama simba. Siku yako itaanza saa kumi na nusu alfajiri, kwa maana mgeni anataka chai na biskuti kabla ya kutoka na gari saa kumi na mbili. Akirudi anataka kiamshakinywa. Akiisha kula, vyumba vinafagiliwa, vitanda vinatandikwa na taulo zinabadilishwa. Mchana hupumzika saa chache kisha unarudi tena hadi saa nne usiku. Kama uko jikoni, utaoga mvuke wa sufuria. Kama uko kwenye mapokezi, utabeba masanduku mazito kuliko wewe huku unatabasamu.

Usiku huendi chumbani peke yako. Unamngoja askari mwenye tochi, kwa sababu ndovu na nyati hawasomi vibao vya loji. Mchana adui ni nyani. Ukiacha dirisha wazi dakika mbili tu, mkate, sukari na hata dawa ya meno vimekwisha. Siku yako ya mapumziko unangoja gari la bidhaa likupeleke mjini, na kama halikwenda, unafua nguo zako na kulala.

Lakini kuna mengi ya kujifunza. Mtoto wa mjini ambaye hakuwahi kutandika kitanda chake mwenyewe atatandika 20 kwa siku. Atajifunza kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja, kusalimu kwa Kijerumani na Kiitaliano, na kuomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Wapo waliotoka hapo wakaenda Chuo cha Utalii Nairobi, kilichoanzishwa mwaka wa 1975, wakijua tayari wanachokitaka.

Tena milima ile ina msimu mwingine ambao watu wengi hawaujui. Kila Novemba na Desemba, ndege wadogo kutoka Ulaya na Asia hupita Ngulia usiku wakielekea kusini. Ukungu ukishuka na mwezi usiwepo, taa za loji huwavuta kwa maelfu. Tangu mwaka wa 1969 wataalamu na watu wa kujitolea hukusanyika hapo, huwanasa kwa nyavu laini, huwafunga pete nyepesi mguuni na kuwaachilia. Mamia ya maelfu wamekwisha kupita katika mikono hiyo, na baadhi ya pete zimeonekana tena mbali sana kaskazini. Mwanafunzi wa zoolojia asiyejua Ngulia ana la kutafuta.

Yaliyonipata mimi

Nilimaliza kidato cha nne Novemba 2007. Mjomba wangu alikuwa dereva wa watalii Mombasa, naye akanipeleka kwenye loji moja upande wa Voi, ambayo jina lake nitaliacha. Karani aliandika jina langu katika daftari, akanipa shati mbili za sare na kusema, "Utalipwa kwa siku." Sikutia sahihi popote. Nilifurahi mno hata nikasahau kuuliza chochote.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa kwenye sufuria. Kisha nikahamishiwa kubeba mizigo, na huko nikaonja bakshishi. Mgeni mmoja aliponitilia noti ya shilingi 500 mkononi, niliazima simu nikampigia mama. Dada yangu alikuwa akingoja kuingia kidato cha kwanza. Nikamwambia mama asihangaike na sanduku wala godoro la shule, mimi nitavileta. Mama akasema, "Mwanangu, kwanza ulete, halafu ndipo uniambie." Nilicheka.

Kwa ahadi hiyo nikaanza kuishi kama mtu wa mshahara. Katika duka la wafanyakazi nikachukua viatu, redio ndogo na soda za kila jioni, vyote kwa deni. Sikuona hatari. Loji ilikuwa imejaa.

Uchaguzi ulifanyika Desemba 27. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30, ghasia zikalipuka. Mkesha wa mwaka mpya wageni walikuwapo bado, lakini hakuna aliyecheza muziki. Wote walikuwa mbele ya televisheni. Wiki iliyofuata magari yaliingia na mgeni mmoja mmoja, kisha yakaacha kuingia. Tuliandaa ukumbi mzima na kuhudumia meza tatu.

Jumapili moja katikati ya Januari, baada ya chakula cha jioni, karani alitusomea majina. Tuliosomwa tulirudisha sare asubuhi. Malipo yangu yakakatwa deni la duka pamoja na sahani nilizovunja, nikabaki na nauli na shilingi 700 hivi. Nikaomba walau karatasi ya kuonyesha kuwa nimefanya kazi pale. Karani akajibu kwamba kibarua hapewi barua.

Simlaumu mwenye loji kwa kukosa wageni, maana hata yeye hakuwafukuza. Namlaumu kwa ile karatasi. Na ile ahadi niliyompa mama ni kosa langu mwenyewe.

Nilipofika nyumbani mama hakutaja sanduku. Alikuwa amekwisha kuazima la jirani, la bati, lenye jina la mtoto mwingine lililofutwa kwa rangi. Dada yangu alisoma nalo miaka minne.

Msimu hukatika

Utasema hayo ni ya zamani. La. Mwaka wa 1997 vurugu za Likoni zilikausha hoteli za Pwani, na Tsavo ikakauka nazo. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, ndege za abiria kutoka ng'ambo zilisimamishwa hadi Agosti mosi. Mwaka wa 2022 ukame uliua wanyama wenyewe. Serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa nchini kati ya Februari na Oktoba. Mambo haya yote hutoka nje ya lango la loji, lakini wa kwanza kusomewa jina ni mtu wa msimu.

Hapo pia nataka kijana wa mjini amfikirie mwenzake atakayelala kitanda cha pili katika chumba cha wafanyakazi. Huenda akawa mtoto wa Sagalla au Mwatate. Hesabu ya mwaka wa 2021 ilipata ndovu karibu 15,000 katika eneo zima la Tsavo, na ndovu hajui mpaka wa shamba. Usiku mmoja unatosha kumaliza mahindi ya mwaka. Ndiyo maana huko Sagalla wakulima wengine wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya, kwa kuwa ndovu huwaogopa nyuki. Kwa familia kama hiyo, mshahara wa loji ni mojawapo ya machache yanayorudi kutoka mbugani. Kwako kazi hii ni ya kungoja chuo. Kwake ndiyo unga na karo. Basi usiichezee, wala usiifanye kwa dharau.

Uliza haya kabla ya kufunga begi

Leo kijana ana ngao ambayo mimi sikuwa nayo. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 ilianza kutumika Juni 2008, miezi michache baada ya mimi kurudi nyumbani. Kwa sheria hiyo, kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeandikwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akiendelea mfululizo hadi siku zake zikatimia mwezi mmoja, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, naye hustahili kupewa notisi kabla ya kuachishwa. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Katika kila siku saba, moja ni ya mapumziko. Na aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi ana haki ya kupewa cheti cha utumishi akiondoka. Karatasi ile niliyonyimwa leo ni haki yako. Ukinyimwa, nenda afisi ya leba.

Basi uliza: Naanza lini na namaliza lini? Nalipwa kwa siku au kwa mwezi? Chakula na malazi vinakatwa? Sahani ikivunjika inakuwaje? Bakshishi inawekwa pamoja na kugawanywa, au kila mtu na yake? Tayarisha kitambulisho cha taifa, na kama utagusa chakula, pimwa afya upate cheti. Mtu akikudai pesa ili akupatie kazi, kata simu. Loji ya kweli haiuzi kazi.

Ukiisha kuanza, weka daftari lako mwenyewe. Andika kila siku uliyofanya kazi na kila shilingi uliyopokea. Bakshishi usiihesabu kabla haijaingia mfukoni. Duka la wafanyakazi lipite kama hulioni. Tenga nauli ya kurudi siku unayopokea mshahara wa kwanza, na usiiguse hata kama mwenyeji wako ni mjomba.

Nawe mzazi, usimwache mtoto aende na jina la loji peke yake. Chukua nambari ya afisi, piga simu uzungumze na meneja au karani wake. Na akikuahidi sanduku la shule la mdogo wake, mshukuru, kisha umwambie kama mama alivyoniambia: kwanza ulete, halafu ndipo uniambie.