Kituo cha Hali ya Hewa katika Nyumba Yenye Neno la Siri

Tangu zamani, mtu aliyetaka kujua kiasi cha mvua iliyonyesha alitoka nje asubuhi, akalitazama gudulia la kipimamvua, akaandika tarakimu moja katika daftari. Siku hizi kazi hiyo yaweza kufanywa na kituo kidogo cha hali ya hewa kilichosimikwa uani. Kituo hicho hupima usiku na mchana, na vipimo vyake husafiri kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kompyuta iliyomo ndani ya nyumba. Kompyuta hiyo nayo yaweza kuwa ndiyo inayowasha taa, kufunga madirisha na kuendesha pampu ya kumwagilia bustani. Nyumba yenye mpango wa namna hii huitwa nyumba janja.

Katika mpango huo kipimo hugeuka kuwa amri. Tarakimu isiyo kweli ikiingia katika daftari, mwanafunzi atakosea hesabu yake. Ikiingia katika nyumba janja, pampu itamwaga maji wakati mvua inanyesha, au dirisha litaachwa wazi dhoruba ikija. Kwa sababu hiyo, anayeunganisha kituo na nyumba hana budi kuwa na hakika ya mambo matatu: usahihi wa kipimo, utambulisho wa chombo kilichopima, na saa ya kupima.

Jinsi kituo kinavyopima

Kipimamvua cha kituo cha namna hii kina faneli, na chini yake kijibakuli chenye vyumba viwili kinachopinduka huku na huku kama pembea. Chumba kimoja kikijaa, kijibakuli huinama na kumwaga maji, na chumba cha pili huanza kujazwa. Katika kila mpinduko, sumaku ndogo hupita mbele ya swichi na kuifunga kwa kitambo kidogo. Kompyuta huhesabu mifungo hiyo. Tuseme mdomo wa faneli una eneo la sentimita mraba 100, na kila mpinduko ni sawa na milimita 0.2 za mvua. Basi kila chumba hubeba sentimita 2 za ujazo za maji. Mipinduko 50 ni milimita 10, yaani lita 10 za maji kwa kila mita mraba ya bustani.

Kwa halijoto, unyevu na kanieneo ya hewa, hutumika kipande kimoja tu. Kile kiitwacho BME280, kilichobuniwa na kampuni ya Bosch Sensortec ya Ujerumani, kina upana wa milimita 2.5 kila upande, nacho hupima mambo yote hayo matatu. Hata hivyo, udogo wa chombo haumwondolei mtumiaji wajibu wa kukiweka mahali panapofaa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani huelekeza kwamba halijoto ya hewa ipimwe kati ya mita 1.25 na mita 2 juu ya ardhi, kivulini, mahali hewa inapopita. Tena, karibu na usawa wa bahari, kanieneo hupungua kwa takriban hektopaskali 1 kwa kila mita 8 za kupanda. Kituo cha mlimani na cha pwani haviwezi kulinganishwa kabla ya kufanya masahihisho hayo. Chombo kilichotundikwa kwenye bati la moto kitasema uongo, hata kikilindwa kwa maneno ya siri mia moja.

Safari ya kipimo

Vituo vingi vya nyumbani hurusha vipimo kwa redio ya megahezi 433 au 868. Nchini Marekani hutumika 915. Kipokezi kilichomo ndani ya nyumba huvidaka na kuvikabidhi kwa mtandao wa nyumba. Kutoka hapo, mara nyingi hutumika utaratibu wa kupeana habari uitwao MQTT. Utaratibu huo ulitungwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa kampuni ya IBM pamoja na mwenzake Arlen Nipper, kwa ajili ya kusimamia mabomba ya mafuta kwa njia ya setilaiti. Setilaiti zilikuwa ghali, hivyo ujumbe ulipaswa kuwa mfupi mno. Anwani ya ujumbe mdogo kabisa huchukua baiti 2 tu. Ufupi huo ndio ulioufanya ufae pia kwa vyombo vidogo vya nyumbani.

Katikati ya mpango huu yupo dalali, yaani programu inayopokea habari na kuzigawa. Kituo hupeleka ujumbe chini ya kichwa cha habari, mathalani «nyumba/nje/mvua». Pampu na madirisha hujiandikisha kwa dalali kwamba yanataka habari za kichwa hicho. Kituo hakihitaji kuijua pampu, wala pampu haihitaji kukijua kituo.

Kubisha hodi

Lakini dalali anayempokea kila mtu ni hatari. Kwa hiyo chombo kinachotaka kuingia hutoa jina na neno la siri. Dalali mwangalifu halihifadhi neno lenyewe: hulisaga kwa hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, kama vile unga usivyoweza kurudishwa kuwa mahindi, kisha huhifadhi unga huo. Robert Morris na Ken Thompson walieleza njia hiyo mwaka 1979, pamoja na desturi ya kutia tarakimu za nasibu ziitwazo «chumvi» kabla ya kusaga, ili maneno mawili yaliyo sawa yasitoe unga ulio sawa.

Neno la siri pekee halitoshi. Katika MQTT ya kawaida, neno hilo hupita mtandaoni likiwa wazi, na yeyote anayesikiliza katikati aweza kulisoma. Yafaa njia yenyewe isimbwe: kwa desturi mlango namba 1883 wa dalali ni wa ujumbe ulio wazi, na namba 8883 ni wa ujumbe uliosimbwa. Vituo vingine vya bei nafuu haviwezi kusimba, na vingine havina hata mahali pa kuandika neno la siri. Kwa vyombo hivyo huwekwa mpatanishi: kompyuta ndogo inayopokea vipimo ndani ya nyumba tu, kisha yenyewe ndiyo inayobisha hodi kwa dalali. Kuuondoa ulinzi wa nyumba nzima kwa ajili ya chombo kimoja kisichojua kubisha hodi ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu mgeni mmoja hana mkono wa kugonga.

Kila chombo kipewe jina lake na neno lake, na kipewe haki ya kazi yake tu. Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kanuni hiyo mwaka 1975. Kituo kiruhusiwe kuandika chini ya «nyumba/nje», lakini kisiruhusiwe kuiamuru pampu. Mtu akiiba neno lake, atapata uwezo wa kudanganya juu ya mvua, lakini hatapata ufunguo wa nyumba.

Madhara ya uzembe yalionekana mwaka 2016. Programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka mtandaoni ikijaribu orodha ya majina na maneno ya siri kama 60 yaliyowekwa viwandani. Kamera na vyombo vingine vingi ambavyo wenyewe hawakubadili maneno hayo vilitekwa. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vyombo hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na watu wengi wakashindwa kuzifikia huduma kama Twitter na Netflix kwa saa kadhaa.

Ukimya wa chombo

Yapo pia makosa yasiyohitaji mwizi. Mwenye nyumba hubadili neno la siri la dalali, akasahau kulibadili katika kituo. Kituo hukataliwa mlangoni. Lakini katika ubao wa nyumba tarakimu ya mwisho hubaki imeandikwa: mvua, sifuri. Nyumba huiamini, na pampu huendelea kufanya kazi huku mvua ikinyesha.

Waliotunga MQTT waliona mbali. Chombo kinapoingia huweza kumwachia dalali wosia: «Nikitoweka bila kuaga, tangaza kwamba sipo.» Kama chombo kimeahidi kutoa habari kila sekunde 60, dalali husubiri mara moja na nusu ya muda huo, yaani sekunde 90, kisha husoma wosia. Hata hivyo, wosia huandikwa wakati wa kuingia; aliyekataliwa mlangoni hawezi kuweka wosia mpya. Kwa hiyo nyumba yenyewe pia iangalie saa. Kipimo kilichopitwa na muda uliokubaliwa kiandikwe «haijulikani», kwa maana kukosa mvua na kukosa habari za mvua ni mambo mawili tofauti.

Kazi ya darasani

Elimu hii yazihusu pia shule za Afrika. Mradi wa TAHMO, ulioanzishwa na Nick van de Giesen na John Selker, umeweka vituo vya hali ya hewa katika shule nyingi za bara hili, kwa lengo la kufikisha vituo 20,000 kusini mwa Sahara. Vipimo vya mbali namna hiyo huwa na faida pale tu vinapojulikana vimetoka wapi na saa ngapi.

Shule yenye kituo yaweza kufanya jaribio jepesi. Wanafunzi waweke kipimamvua cha kawaida kando ya kituo, wasome vyote viwili kila siku saa tatu asubuhi kwa muda wa mwezi mmoja, kisha walinganishe jumla. Siku moja mwalimu akizime kituo kwa saa moja bila kuwaarifu, na wanafunzi watazame ubao unaonyesha nini. Ukionyesha tarakimu ya zamani kana kwamba ni mpya, kazi ya kuunganisha haijakwisha.