Kabla ya kuchomelea chuma cha Mjerumani

Mafundi wa kuchomelea wa Bangwe na Ujiji wamezoea chuma cha dukani: geti, grili, fremu ya tangi la maji. Chuma hicho kimetengenezwa kikijulikana kwamba kitachomelewa. Cha zama za Mjerumani hakikuwa hivyo.

Mfano tunao bandarini Kigoma. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari na reli, kisha ikaunganishwa huku kwa ribiti na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Mabamba ya namna hiyo hayafanani na ya leo.

Chuma cha enzi hizo mara nyingi kina salfa na fosforasi nyingi. Salfa hupasua mshono ungali wa moto. Fosforasi hukifanya chuma kuwa kikavu, kikavunjika bila kupinda kwanza. Kwa hiyo kazi ianze maabara: kata kipande kidogo mahali pasipobeba mzigo, kipimwe. Kaboni ikiwa juu, bamba lipashwe moto kabla ya kuchomelewa, kisha liachwe lipoe polepole. Stiki ziwe za haidrojeni kidogo, aina ya E7018, zilizokaushwa kwenye oveni. Stiki iliyolala wazi kwenye unyevunyevu wa ziwani huingiza haidrojeni ndani ya mshono, na ufa unaweza kutokea siku moja au mbili baadaye, wakati fundi ameshalipwa na kuondoka.

Rangi ya zamani ikwanguliwe kwanza, kwa barakoa inayofaa, maana nyingi ilichanganywa na risasi, na moshi wake ni sumu.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni ribiti. Joto la kuchomelea hulegeza ribiti za jirani, na maji hupata njia. Tena, ufa ukianza kwenye bamba lililopigwa ribiti, kwa kawaida huishia ukingoni mwa bamba hilo. Kwenye mabamba yaliyochomelewa hupita moja kwa moja. Januari 1943 meli mpya ya mafuta, Schenectady, ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini Portland, Marekani, kwenye maji matulivu. Ilikuwa imeunganishwa kwa kuchomelewa.

Ribiti iliyoliwa na kutu, basi, isifunikwe kwa mshono. Itobolewe, itolewe, tundu lisafishwe, ipigwe nyingine ya moto. Asipopatikana wa kuipiga, iwekwe bolti iliyochongwa ijae tundu barabara.