Datsun ya kale ikiyumba, tazama raba kwanza

Kuna gari moja ambalo wazee wa Nyeri, Nanyuki, Meru na Embu hawahitaji kuelezwa habari zake. Ni Datsun 240Z, ile yenye pua ndefu na mgongo mfupi, viti viwili tu na injini ya silinda sita. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na mwelekezi wake Hans Schüller waliliendesha hadi wakashinda Safari Rally, naye Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda, akafika wa pili kwa gari la aina iyo hiyo. Mwaka wa 1973 Mehta, safari hii akiwa na Lofty Drews, alitwaa taji lenyewe baada ya kulingana alama na Harry Källström aliyeendesha Datsun 180B. Siku hizo mashindano yalifanywa wakati wa Pasaka, na mvua ya masika ikinyesha, udongo mwekundu wa pande za Mlima Kenya haukumjali bingwa wala mwanafunzi.

Sifa zote huiendea injini. Lakini mtu aliyerithi gari kama hilo kutoka kwa baba au mjomba, na anayetaka kulifufua ili aitembeze jamaa yake Jumapili, hauawi na injini. Injini ikifa, gari husimama. Kinachoweza kumtupa bondeni ni kipande cha raba kisichozidi ngumi ya mtoto, ambacho mafundi wetu hukiita bushi.

Bushi ni nini? Chukua kibomba kidogo cha chuma, kizungushie raba, kisha kifunike kwa kibomba kingine kikubwa zaidi. Bushi hiyo hukaa pale mkono wa chuma unaoshika gurudumu unapoungana na bodi ya gari. Gurudumu likipanda na kushuka kwenye matuta, mkono nao hupanda na kushuka, na raba ndiyo inayojipinda katikati. Sikiza vizuri hapo, msomaji: raba hiyo haitelezi juu ya chuma kama bawaba ya mlango inavyozunguka. Imeshikamana na chuma ndani na nje, na kazi yake yote ni kujipinda na kurudi. Tutalirudia jambo hilo, kwa maana hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibika.

Datsun 240Z zilitengenezwa kati ya mwaka wa 1969 na 1973. Kwa hiyo hata ile changa kupita zote imevuka umri wa miaka 50, na kama bushi zake ni zile za kiwandani, hazina uhai tena. Raba huzeeka hata gari likiwa limefunikwa turubai nyuma ya nyumba. Hukauka, hupasuka, na mafuta ya injini yakiidondokea huvimba na kulainika kama ugali uliozidi maji.

Dalili zake si ngumu kuzitambua. Gari hugonga ko-ko chini kila linapovuka tuta. Usukani huwa mlegevu na gari hutangatanga barabarani. Ukikanyaga breki, huvuta upande mmoja. Tairi huliwa ukingo mmoja huku mwingine ungali mpya. Fundi mwangalifu atalikagua gari mahali tambarare, atie mtaimbo kati ya mkono na bodi, kisha ausukume kidogo. Chuma kikicheza ovyo huku raba imechanika, basi hakuna la kubishania.

Katika barabara iliyonyooka pengine ungeishi na ubovu huo kwa muda. Huku kwetu haiwezekani. Barabara ya kutoka Nyeri kwenda Othaya na Mukurweini hupanda na kushuka vilima bila kupumzika, na ile ya kutoka Embu kwenda Meru hukatiza mito mingi itokayo mlimani, ukiwamo Nithi, ambako mteremko na kona vimeua watu wengi. Gari ambalo gurudumu lake la mbele hurudi nyuma kidogo kila ukifunga breki halifai kuteremshwa pale, hata kama injini yake inaimba.

Sasa kazi yenyewe. Gari liinuliwe kwa jeki, lakini likae juu ya stendi za chuma zilizo imara chini ya fremu. Mawe, matofali na jeki peke yake vimewafukia watu. Mbele, springi na shokapu zimeunganishwa pamoja katika nguzo moja. Ile nati kubwa iliyo juu ya nguzo isiguswe kabisa. Springi iliyo ndani imebanwa kwa nguvu za kutisha, na kubadilisha bushi za mkono wa chini hakuhitaji kuifungua.

Mkono ukishatoka, bushi ya zamani husukumwa nje kwa presi. Ikikataa, wengine huichoma moto. Njia hiyo inafaulu, lakini moshi wake ni sumu. Afadhali raba itobolewe kwa keekee, itolewe, kisha kile kibomba cha nje kikatwe taratibu kwa msumeno wa chuma, bila kuujeruhi mkono wenyewe. Bushi mpya huingizwa kwa presi pia. Ile isiyoshikamana na chuma hulainishwa kwa maji ya sabuni, wala si kwa grisi ya kawaida, kwa sababu raba ya asili na mafuta ya petroli ni maadui.

Nyuma ndiko wanaume hulia. Mkono wa nyuma wa 240Z umeshikwa na pini ndefu ya chuma ipitayo chini ya nguzo ya shokapu, na katikati yake kuna kipini kidogo cha kuifunga isizunguke. Miaka 50 ya kutu huifanya pini hiyo kuwa kitu kimoja na nyumba yake. Wenye pupa huigonga kwa nyundo hadi nyuzi zake zinatanuka kama uyoga, huku wamesahau kukitoa kile kipini cha katikati. Mwenye busara huanza kwa kuinyunyizia mafuta ya kulainisha kutu siku kadhaa mapema, kisha huivuta kwa kifaa cha kuvutia. Hata hivyo pini mpya inunuliwe kabla ya kazi kuanza, kwani ile ya zamani ni nadra kutoka ikiwa nzima.

Turudi kwenye lile la kujipinda. Gari likiwa limeinuliwa, magurudumu huning'inia. Fundi akikaza bolti za bushi katika hali hiyo, raba hufungwa ikiwa katika mkao wa kuning'inia. Gari likishushwa, mkono hupanda, na raba hubaki imepindwa usiku na mchana hata gari likiwa limelala. Mwanafunzi anaweza kujaribu kwa kifutio chake: akisokote, akishike hivyo hivyo, na aone kitadumu muda gani kabla hakijapasuka. Basi bolti zitiwe bila kukazwa, gari likalie magurudumu yake yote manne, litikiswe ili litulie, ndipo zikazwe kabisa. Hatua hiyo haigharimu chochote, nayo ndiyo hurukwa mara nyingi kuliko zote.

Kuna pia mtindo wa kutia bushi za plastiki ngumu ya poliyurethani, ambazo husifiwa kwamba hudumu na hulifanya gari lishike barabara. Kwa mikono ya chini sina ugomvi mkubwa nazo, ingawa zina kelele na huhitaji grisi yake maalumu. Lakini upo ufito wa chuma uzuiao gurudumu la mbele lisisogee mbele wala nyuma. Ufito huo hubadili pembe kila gurudumu linapopanda, na raba ndiyo huuruhusu. Ukibanwa pande zote mbili kwa plastiki ngumu, chuma chenyewe hulazimika kupinda, hadi siku moja kikatike. Pale, nasema, raba ibaki.

Vipuri vya Datsun hiyo havipatikani kila duka. Wengi huanzia Kirinyaga Road, Nairobi, au huagiza kutoka nje. Bushi ya zamani ibebwe kama kielelezo na ipimwe upana, urefu na tundu, kwa maana ya gari jingine ikilazimishwa kuingia italegea baada ya mvua moja.

Kazi ikiisha, magurudumu yapelekwe kupimwa na kunyooshwa, kwa sababu raba mpya hubadili mkao wake. Baada ya kilomita mia kadhaa, bolti zote zipitiwe tena kwa spana, gari likiwa chini.